Kuweka Jedwali Mahali Unapotaka Katika Waraka: Mwongozo Kamili

Jedwali linapokataa kukaa mahali pake, wengi hubonyeza Enter mara kadhaa ili kulishusha, au huongeza nafasi tupu ili kulisogeza upande. Waraka hupendeza kwa siku hiyo, lakini sentensi moja tu ikiongezwa katika ukurasa wa kwanza, jedwali huhamia ukurasa unaofuata na kuacha pengo kubwa nyuma yake. Programu haijaharibika. Mahali pa jedwali huamuliwa na kitu ambacho jedwali hilo limefungamanishwa nacho, nacho chaweza kuwa mkondo wa maandishi, aya fulani, pambizo, au ukurasa wenyewe. Ukijua jedwali lako limefungamanishwa na nini, utalipanga kwa hatua chache na litabaki hapo hata waraka ukihaririwa mara nyingi. Usipojua, utakuwa unalisukuma kila unapoufungua waraka.

Mwongozo huu unaieleza kazi hiyo kwa kutumia Microsoft Word ya kompyuta, kisha LibreOffice Writer, kwa kuwa programu hizo mbili hulishughulikia jedwali kwa njia zinazotofautiana sana. Majina ya amri yameachwa kama yanavyosomeka kwenye menyu za Kiingereza, ambazo ndizo watumiaji wengi wanazoziona kwenye skrini.

Maandalizi

Kabla ya kusogeza chochote, uache waraka ukuonyeshe kila kilichomo. Bonyeza Ctrl+Shift+8 ili alama za aya zionekane. Utagundua mara moja aya tupu zilizopachikwa juu na chini ya jedwali, na zote zinapaswa kufutwa kabla kazi haijaanza, isipokuwa ile moja inayotenganisha jedwali na jedwali jingine. Hakikisha uko katika mwonekano wa "Print Layout", kwa sababu mwonekano wa "Draft" hauonyeshi mahali halisi pa jedwali kwenye ukurasa. Kama jedwali halina mistari, weka kishale ndani yake, nenda kwenye kichupo cha "Layout" kilicho kando ya "Table Design", kisha bofya "View Gridlines". Mistari hafifu itaonekana kwenye skrini bila kuchapishwa. Na kama vipimo vyako vinaonyeshwa kwa inchi ilhali umezoea sentimita, vibadilishe kupitia "File", "Options", "Advanced", katika sehemu ya "Display".

Jedwali lililo ndani ya mkondo wa maandishi

Jedwali jipya katika Word huwa ndani ya mkondo wa maandishi. Maana yake ni kwamba hukaa kati ya aya mbili kama aya ya tatu: maandishi ya juu yakiongezeka, hushuka, yakipungua, hupanda, na hakuna neno linaloweza kukaa kando yake. Hii ndiyo hali iliyo salama kuliko zote, na kwa ripoti, tasnifu na barua nyingi ndiyo inayofaa. Kabla ya kuliachia jedwali huru, jiulize kwanza kama unachokitaka hakiwezi kupatikana bila kuliondoa kwenye mkondo. Mara nyingi kinapatikana.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya jedwali, chagua "Table Properties", kisha ufungue kichupo cha "Table". Hapo kuna mambo matatu ya kushughulikia. La kwanza ni upana: weka alama kwenye "Preferred width" na uandike kipimo unachokitaka, kwa sentimita au kwa asilimia. Jedwali linalojaza ukurasa kutoka pambizo hadi pambizo haliwezi kuonekana limesogezwa, hata ukiliagiza liende katikati, kwa hiyo upana hupangwa kabla ya mahali. La pili ni ulinganifu: "Left", "Center" au "Right" huliweka jedwali zima kushoto, katikati au kulia kati ya pambizo mbili. Vibonye vya kulinganisha aya vilivyo kwenye kichupo cha "Home" hufanya kazi hiyohiyo endapo tu jedwali zima limeteuliwa. Kishale kikiwa ndani ya seli moja, vitabadilisha maandishi ya seli hiyo tu, na hapo ndipo wengi huanza kuamini kwamba jedwali limegoma.

La tatu ni "Indent from left", umbali wa jedwali kutoka pambizo ya kushoto. Sehemu hii hufanya kazi ikiwa jedwali limelinganishwa kushoto na halijazungukwa na maandishi. Hukubali pia namba hasi: ukiandika -1 cm, jedwali litatoka nje ya pambizo kwa sentimita moja, jambo linalosaidia pale safu wima zinapokosa nafasi kidogo tu. Jihadhari usivuke eneo ambalo printa yako inaweza kuchapisha.

Kuna jambo dogo ambalo huwasumbua wanaojali unyofu wa ukingo. Nyaraka zilizotengenezwa kwa mfumo wa Word iliyotangulia toleo la 2013 huuweka mstari wa kushoto wa jedwali nje kidogo ya pambizo, ili maandishi yaliyo ndani ya seli yalingane na maandishi ya aya. Nyaraka za mfumo wa 2013 na kuendelea huulinganisha mstari wenyewe na pambizo, na maandishi ndiyo yanayoingia ndani. Tofauti hiyo ni sawa na nafasi ya ndani ya seli, ambayo kwa kawaida ni sentimita 0.19 kushoto na kulia. Ukinakili jedwali kutoka waraka wa zamani na kuona halilingani na mengine, andika -0.19 cm au 0.19 cm kwenye "Indent from left", na tatizo litakwisha.

Ikiwa shida yako ni jedwali kukatika kati ya kurasa mbili, tiba yake pia imo ndani ya mkondo. Kwenye kichupo cha "Row" cha dirisha la "Table Properties" ondoa alama katika "Allow row to break across pages", ili safu mlalo moja isigawanywe vipande viwili. Kisha teua safu mlalo zote isipokuwa ya mwisho, fungua mipangilio ya aya, nenda "Line and Page Breaks", na uweke alama kwenye "Keep with next". Jedwali dogo litahamia ukurasa mwingine likiwa zima. Safu ya mwisho huachwa kwa makusudi: ukiijumuisha, jedwali litafungwa pia na aya inayolifuata, nayo itavutwa bila sababu.

Kuliachia jedwali lizungukwe na maandishi

Sasa tuje kwenye uhuru wenyewe. Sogeza kipanya juu ya jedwali mpaka kijisanduku chenye mishale minne kijitokeze kwenye kona ya juu kushoto. Ukikibofya, jedwali lote huteuliwa. Ukikishika na kukiburuta, jedwali hufuata. Jambo ambalo Word haikuambii ni kwamba kuburuta huko hubadilisha pia hali ya jedwali. Kufikia hapo limekuwa ndani ya mkondo; baada ya hapo linaelea, na maandishi hulizunguka. Ndiyo maana mtu aliyelisogeza jedwali kidogo kwa mkono hushangaa baadaye kuona aya imejibana kando yake.

Kuburuta kunafaa kwa kukadiria. Kwa waraka unaotakiwa kuwa nadhifu, namba ni bora kuliko mkono, na hatua zake ni hizi. Fungua "Table Properties", kichupo cha "Table". Chini ya "Text wrapping" chagua "Around" badala ya "None". Kitufe cha "Positioning", ambacho hakikuweza kubofywa, sasa kitakubali. Kibofye, na dirisha dogo litafunguka likiwa na mambo ya mlalo, ya wima, umbali kutoka kwenye maandishi, na chaguo mbili za mwisho.

Kila mwelekeo, wa mlalo na wa wima, una maswali mawili: jedwali liwe wapi, na hapo pahesabiwe kuanzia wapi. Swali la pili, linaloandikwa "Relative to", ndilo lenye uzito. Ukiandika sentimita 3 bila kuangalia zinahesabiwa kutoka wapi, namba hiyo haina maana yoyote.

Kwa mlalo, unaweza kuhesabu kutoka pambizo, ukurasa, au safu ya maandishi. "Margin" huanzia pale maandishi ya kawaida yanapoanzia. "Page" huanzia ukingo wa karatasi yenyewe, kwa hiyo ukiandika 0 jedwali litagusa ukingo. "Column" hutofautiana na "Margin" pale tu waraka unapokuwa na safu mbili au zaidi kama gazeti. Katika hali hiyo ndiyo inayofaa, kwa kuwa jedwali hubaki ndani ya safu yake. Badala ya namba unaweza kuchagua "Left", "Center" au "Right", na pia "Inside" na "Outside". Hizi mbili za mwisho ni za vitabu na vijitabu vinavyochapishwa pande mbili za karatasi: "Outside" huliweka jedwali upande wa nje, yaani kulia katika kurasa witiri na kushoto katika kurasa shufwa, bila wewe kulishughulikia tena kurasa zikibadilika.

Kwa wima, chaguo ni pambizo, ukurasa, au aya. Hapa ndipo uamuzi mkubwa unapofanywa. Ukichagua "Paragraph", jedwali hufungwa na aya ambayo ndiyo nanga yake, na aya hiyo ikishuka, jedwali hushuka nayo. Ukichagua "Margin" au "Page", jedwali hukaa urefu uleule kutoka juu ya karatasi hata maandishi yakibadilika. Alama ya "Move with text" hufuata uamuzi huohuo: huwepo ukihesabu kutoka kwenye aya, na huondoka ukihesabu kutoka kwenye ukurasa au pambizo.

Kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi kuikumbuka. Jedwali linalofafanua hoja fulani lifungwe na aya yenye hoja hiyo. Jedwali lililo sehemu ya umbo la ukurasa, kama vile kisanduku cha muhtasari kwenye kona au nafasi ya sahihi chini ya fomu, lifungwe na ukurasa. Makosa mengi ya majedwali yanayoelea hutokana na kuvichanganya vitu hivi viwili: jedwali la hoja likafungwa na ukurasa, hoja ikahamia ukurasa wa tatu, na jedwali likabaki chini ya mada isiyolihusu.

Umbali kutoka kwenye maandishi huwa sifuri juu na chini, na sentimita 0.32 kushoto na kulia. Juu na chini hapatoshi. Mstari wa jedwali hukaribia mno herufi za aya. Weka walau sentimita 0.3 kila upande wenye maandishi. Alama ya mwisho, "Allow overlap", huruhusu jedwali kupandana na vitu vingine vinavyoelea, kama picha. Iondoe, isipokuwa kama una sababu mahususi ya kuiacha.

Mfano mmoja kwa vipimo

Tuseme una ripoti kwenye karatasi ya A4, yenye upana wa sentimita 21 na pambizo za sentimita 2.54 kila upande. Eneo la maandishi lina upana wa sentimita 15.92. Unataka jedwali dogo la safu wima tatu likae kulia, na aya inayolieleza iendelee upande wa kushoto.

Anza na upana: andika sentimita 6 kwenye "Preferred width", kisha bofya "Options" katika dirisha hilohilo na uondoe alama kwenye "Automatically resize to fit contents", la sivyo neno moja refu litalipanua jedwali na hesabu yote itaharibika. Chagua "Around". Katika "Positioning", kwa mlalo chagua "Right" kutoka "Margin". Kwa wima andika 0 kutoka "Paragraph". Umbali wa kushoto uwe sentimita 0.5, na wa chini sentimita 0.3. Maandishi ya kando yatabaki na upana wa sentimita 9.42, ambao unasomeka vizuri.

Kama jedwali lingekuwa na sentimita 11, maandishi yangebaki na chini ya sentimita 5, yaani maneno mawili au matatu kwa mstari, na aya iliyolinganishwa pande zote mbili ingejaa mapengo. Word yenyewe huacha kuweka maandishi kando ya kitu kinachoelea nafasi inapopungua chini ya inchi moja, yaani sentimita 2.54; lakini usingoje kufika hapo. Jedwali linalochukua zaidi ya nusu ya upana wa maandishi lirudishwe kwenye mkondo na liwekwe katikati. Halipotezi kitu, na msomaji anapumua.

Nanga ya jedwali na namna ya kuibadilisha

Picha inayoelea huonyesha alama ndogo ya nanga kando ya aya iliyofungwa nayo. Jedwali halionyeshi alama hiyo, kwa hiyo ni lazima ujue pa kuitafuta: jedwali linaloelea hufungwa na aya inayolifuata katika mpangilio wa waraka. Aya hiyo ikifutwa yote, jedwali litajikuta limefungwa na inayofuata, na huenda likahama.

Ukitaka kubadilisha nanga kwa uhakika, usiburute. Bofya kijisanduku cha mishale minne ili kuliteua jedwali lote, likate kwa Ctrl+X, weka kishale mwanzoni kabisa mwa aya unayotaka iwe nanga, kisha ubandike kwa Ctrl+V. Baada ya hapo fungua "Positioning" na uhakiki namba zako. Njia hii hufaa hasa katika nyaraka ndefu, ambako kuburuta jedwali kupitia kurasa kadhaa huliacha mahali usipopatarajia.

Hata jedwali lililofungwa na ukurasa lina nanga. Litakaa sentimita zilezile kutoka juu ya karatasi, lakini ukurasa litakaloonekana ni ule ulio na aya yake. Kwa sababu hiyo, ukitaka jedwali lionekane mahali palepale katika kila ukurasa, kwa mfano kisanduku cha namba ya fomu, liweke ndani ya kichwa cha ukurasa: bofya mara mbili eneo la juu ya ukurasa, chomeka jedwali hapo, chagua "Around", na upange mlalo na wima kutoka "Page". Linaweza kukaa popote kwenye karatasi, hata chini kabisa, na litajirudia katika kila ukurasa wa sehemu hiyo.

Kinachopotea jedwali linapoelea

Uhuru huu una gharama, na ni vema kuijua kabla ya kuilipa. Kwanza, safu ya vichwa iliyoagizwa kujirudia juu ya kila ukurasa kwa amri ya "Repeat Header Rows" haifanyi kazi inavyotarajiwa katika jedwali lililozungukwa na maandishi. Ukiona vichwa havijirudii, jambo la kwanza la kuangalia ni kama "Text wrapping" iko kwenye "None". Jedwali lolote linalovuka ukurasa mmoja halifai kuelea hata kidogo.

Pili, anwani ya jedwali, yaani ule mstari wa "Jedwali 1" na maelezo yake, ni aya inayojitegemea. Jedwali likihama, anwani hubaki. Suluhisho ninaloliamini ni kuiingiza anwani ndani ya jedwali: ongeza safu mlalo juu kabisa, unganisha seli zake ziwe moja kwa "Merge Cells", ondoa mistari yake ya juu na ya kando, na uweke anwani humo kwa amri ya "Insert Caption" kama kawaida. Anwani itasafiri na jedwali, na bado itaorodheshwa katika orodha ya majedwali ya waraka.

Tatu, waraka wenye majedwali mengi yanayoelea huweza kubadilika ukifunguliwa katika programu nyingine au katika kompyuta isiyo na fonti ulizotumia. Ukijua kwamba waraka utahaririwa na watu wengi, punguza majedwali ya aina hii hadi yale yasiyoepukika.

Majedwali mawili kando kwa kando

Njia inayokuja haraka akilini ni kuyaacha yote mawili yaelee, moja kushoto na jingine kulia. Hufanya kazi, lakini ni dhaifu: kila moja lina nanga yake, na mabadiliko madogo huweza kulishusha moja na kuliacha jingine juu. Njia imara zaidi ni kutengeneza jedwali mama lenye safu mlalo moja na seli tatu, mbili kubwa na moja nyembamba katikati kama nafasi ya kutenganisha, kisha kuondoa mistari yake yote kwa "No Border". Weka kishale ndani ya seli ya kushoto na uchomeke jedwali la kwanza, halafu fanya hivyo katika seli ya kulia. Jedwali mama hubaki ndani ya mkondo, kwa hiyo yote mawili husogea pamoja. Upungufu wake ni kwamba programu zinazowasomea maandishi watu wasioona hutatizika na jedwali lililo ndani ya jedwali. Waraka wa umma, ambao msomaji yeyote anaweza kuupokea, ni bora uwe na majedwali mawili yaliyopangwa moja chini ya jingine.

Njia nyingine ni kuugawa ukurasa katika safu mbili kupitia kichupo cha "Layout", "Columns", kisha kuchomeka kikomo cha safu kati ya majedwali hayo. Inafaa pale ambapo ukurasa mzima ni majedwali matupu.

Jedwali pana kuliko ukurasa

Jedwali lenye safu wima kumi na mbili haliponywi kwa kusogezwa. Linahitaji karatasi iliyolala. Weka kishale mwishoni mwa aya iliyo juu ya jedwali, nenda "Layout", "Breaks", na uchague "Next Page" chini ya "Section Breaks". Fanya hivyo tena baada ya jedwali. Sasa jedwali liko katika sehemu yake peke yake. Weka kishale ndani yake na uchague "Orientation", "Landscape". Kurasa nyingine zitabaki wima.

Vichwa na vijachini vya ukurasa vitafuata upana mpya, na namba ya ukurasa inaweza kuonekana imehama. Bofya mara mbili kichwa cha ukurasa katika sehemu iliyolala, zima "Link to Previous", kisha upange upya. Fanya vivyo hivyo katika sehemu inayofuata kabla ya kubadilisha chochote, ama mabadiliko yatavuka hadi mwisho wa waraka. Baada ya hapo, katika "AutoFit" chagua "AutoFit Window" ili jedwali lijaze upana mpya.

Katika LibreOffice Writer

Writer ina falsafa tofauti. Jedwali lenyewe halizungukwi na maandishi, na hakuna chaguo la aina ya "Around" katika sifa zake. Kwa mpangilio wa kawaida, fungua menyu ya "Table", kisha "Properties". Chini ya "Alignment" utakuta "Automatic" imechaguliwa, na ikiwa hivyo jedwali hujaza nafasi yote kutoka pambizo hadi pambizo na kisanduku cha upana hakikubali kubadilishwa. Chagua "Left", "Right", "Center" au "From left", andika upana, na utumie sehemu ya "Spacing" kuweka umbali wa juu, chini na pembeni. "Manual" hukupa uwezo wa kuandika umbali wa kushoto na kulia wewe mwenyewe.

Kwa jedwali linaloelea, unahitaji fremu, yaani kisanduku kinachoelea ambacho jedwali huwekwa ndani yake. Chagua "Insert", "Frame", kisha "Frame" tena, na katika kichupo cha kwanza uandike upana wa fremu na uruhusu urefu ujirekebishe kwa kuweka alama kwenye "AutoSize". Funga dirisha, bofya ndani ya fremu, na uchomeke jedwali humo, au ubandike lile ulilolikata mahali pengine. Kuanzia hapo unapanga fremu, si jedwali. Bofya ukingo wake, fungua sifa zake, na uchague nanga: "To paragraph" ikiwa jedwali lifuate aya yake, "To page" ikiwa libaki kwenye ukurasa uleule bila kujali maandishi. Kichupo cha "Wrap" huamua maandishi yapite wapi. "Parallel" huyaweka pande zote mbili, "Before" na "After" huyaweka upande mmoja. Fremu ikiwa na mstari usioutaka, uondoe kwenye kichupo cha "Borders".

Faida ya fremu ni kwamba anwani ya jedwali inaweza kuandikwa ndani yake, chini au juu ya jedwali, bila ujanja wa kuunganisha seli. Kwa miaka mingi udhaifu wake ulikuwa kwamba jedwali lililo ndani ya fremu halikuweza kuendelea hadi ukurasa wa pili, na nyaraka za Word zenye majedwali marefu yanayoelea zilikatika zikifunguliwa hapa. Toleo la 7.6, lililotoka mwaka 2023, lilileta uwezo wa majedwali yanayoelea kuvuka kurasa. Anayepokea nyaraka za Word mara kwa mara na bado anatumia toleo la zamani ana sababu nzuri ya kusasisha.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

Majedwali mawili yameungana kuwa moja: aya iliyokuwa kati yao imefutwa. Weka kishale katika safu mlalo ambayo jedwali la pili linapaswa kuanzia na ubonyeze Ctrl+Shift+Enter. Word itayatenganisha kwa aya mpya.

Jedwali liko mwanzoni kabisa mwa waraka na huwezi kuandika juu yake: weka kishale mwanzoni mwa seli ya kwanza na ubonyeze Enter, na aya tupu itaonekana juu.

Ukurasa mtupu umejitokeza baada ya jedwali la mwisho: Word hulazimisha kuwepo kwa aya moja baada ya jedwali, na aya hiyo imekosa nafasi. Haifutiki. Iteue, punguza ukubwa wa herufi hadi pointi 1, na uondoe nafasi ya juu na ya chini ya aya. Itarudi kwenye ukurasa wa jedwali.

Umeteua jedwali na kubonyeza Delete, lakini limebaki tupu: Delete hufuta yaliyomo tu. Backspace ndiyo hufuta jedwali lenyewe.

Jedwali linaloelea limetoweka: mara nyingi liko nje ya karatasi kwa sababu ya namba kubwa au hasi katika "Positioning". Bofya aya ambayo ndiyo nanga yake, bonyeza mshale wa kushoto ukiwa mwanzoni mwa aya ili kishale kiingie katika seli ya mwisho ya jedwali, kisha ufungue "Table Properties" na urudishe "Text wrapping" kwenye "None". Jedwali litarejea katika mkondo, nawe utalipanga upya.

Waraka ukiwa tayari, utoe kama PDF kabla ya kuutuma na uupitie ukurasa kwa ukurasa, hasa pale jedwali linapokaribia mwisho wa karatasi. Anayepaswa kuuhariri mpelekee faili ya Word pamoja na hiyo PDF, ili jedwali likihama kwenye kompyuta yake awe na mahali pa kulinganishia.